Mahakama ya Madai Madogo ni nini?

Chukua fundi seremala wa Nairobi aliyemtengenezea mteja makabati ya jikoni kwa shilingi 85,000, akalipwa 30,000, kisha simu zikaacha kupokelewa. Kumshtaki mteja huyo katika mahakama za kawaida kulimaanisha kutafuta wakili na kusukumwa tarehe hadi tarehe, labda miaka, kwa deni la 55,000. Wengi walisamehe wakitaka wasitake.

Mahakama ya Madai Madogo iliwekwa kwa ajili ya deni la namna hiyo. Sheria yake ilipitishwa Kenya mwaka 2016, lakini ilikaa kwenye makaratasi hadi Aprili 2021, mahakama ya kwanza ilipofunguliwa Milimani, Nairobi. Kabla ya hapo, mwaka 2020, kiwango cha juu cha dai kilipandishwa kutoka shilingi 200,000 hadi 1,000,000, na kwa wenye maduka wengi milioni ndiyo mtaji wote. Husikiliza madai ya bidhaa na huduma, mali iliyoharibiwa, na fidia ya majeraha. Mizozo ya ardhi, ajira au kuchafuliwa jina haimo.

Kwa maoni yangu, uzito wa mageuzi haya uko kwenye kalenda. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu ilipowasilishwa, isikilizwe siku baada ya siku, na kuahirishwa kusizidi mara tatu, tena kwa sababu za dharura zilizoandikwa. Anayewajua wadaiwa wa kwetu ataelewa kwa nini. Kuahirisha ndiyo mbinu yao kuu. Siku 60 zikipita je? Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana: kuna waliosema hukumu iliyochelewa ni batili, na kuna waliokataa kumwadhibu mdai kwa uzembe usio wake. Mimi niko na hao wa pili.

Wakili si lazima, na mwamuzi habanwi na kanuni kali za ushahidi. Fundi wetu anaweza kuleta ujumbe wa M-Pesa wa zile 30,000, picha za makabati yakiwa yamefungwa ukutani, na meseji ya WhatsApp ya mteja akisema "nitamalizia mwisho wa mwezi". Hiyo meseji peke yake ina nguvu sana, maana aliyeiandika amekiri deni. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za kisheria tu, na huko ndiko mwisho.

Kasi hiyo haifiki mfukoni, lakini. Mteja akishindwa kesi na bado asilipe, fundi hurudi kuomba amri ya kukamata mali, na dalali wa mahakama ana malipo yake. Kwa hiyo kabla ya kufungua faili, ulizia mdaiwa anaishi wapi, anafanya kazi wapi, na ana nini kinachoweza kukamatwa.