Je, wajua kwa nini mwezi wa 13 hubeba uzito katika wasifu wa muuza bima?

Watu wengi wanaoomba kazi ya kuuza bima ya maisha huandika wasifu wao wakiwa na picha moja akilini: mtu mwenye ulimi mwepesi, asiyeishiwa hoja, ambaye mteja akimkatalia mara tatu humrudia mara ya nne. Nami niliandika hivyo nilipoomba kazi hiyo kwa mara ya kwanza. Nilijaza karibu nusu ukurasa kwa sifa za mazungumzo yangu, na nilipoitwa kwenye usaili, swali la kwanza halikuhusu kuzungumza hata kidogo. Niliulizwa kwamba, kati ya watu niliowahi kuwauzia kitu cha kulipiwa kidogo kidogo, wangapi waliendelea kulipa hadi mwisho. Sikuwa na jibu, na ilinichukua muda kuelewa kwamba swali hilo ndilo lililobeba kazi yenyewe.

Kosa hili lina mizizi inayoeleweka. Nchini Tanzania biashara ya bima ilikuwa mikononi mwa shirika la umma tangu kutaifishwa mwaka 1967 hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi, na ushindani uliofuata ukahitaji watu wengi wa kwenda kuwatafuta wateja maofisini, sokoni na majumbani. Matangazo ya nafasi hizo mara nyingi husisitiza ufasaha na kujituma. Mwombaji husoma maneno hayo, huyanakili kwenye wasifu wake, na hudhani amejibu kilichoulizwa.

Ili kuona kinachotafutwa, yafaa kufuatilia fedha ya mkataba mmoja. Tuchukue mfano wa kubuni: mwalimu anakata bima ya maisha kwa ada ya shilingi 50,000 kwa mwezi. Kabla mkataba huo haujaanza kuiletea kampuni faida, kampuni imekwisha kutoa fedha nyingi, kwa sababu kamisheni ya muuzaji katika bima ya maisha kwa kawaida huwa kubwa zaidi mwaka wa kwanza na kushuka miaka inayofuata, na tena kuna vipimo vya daktari pale vinapohitajika, kazi ya kutathmini maombi na kuandaa hati. Tuseme gharama hizo zimefika shilingi 400,000. Mwalimu akiacha kulipa baada ya miezi minne, kampuni imepokea 200,000, imetoa 400,000, na katika miezi hiyo minne ilikuwa imebeba hatari ya kulipa fidia kamili endapo mwalimu angefariki. Muuzaji alihesabiwa mauzo. Kampuni ilihesabu hasara.

Wakulima wa pwani wanaujua mwenendo huu kupitia mnazi. Anayepanda minazi mirefu hugharimia mche, shimo na palizi mwaka wa kwanza, kisha hungoja miaka mitano au sita, na pengine zaidi, kabla ya kuangua nazi ya kwanza. Mbuzi akiula mche katika mwezi wa nne, mkulima hakupoteza mche peke yake. Amepoteza shimo, palizi na nafasi ambayo mnazi mwingine ungekuwa unakua. Sasa mfikirie kibarua anayelipwa kwa idadi ya miche aliyopanda. Akipanda 200 na mbuzi wakala 120, amezalisha mapato kidogo kuliko mwenzake aliyepanda 100 akazungushia uzio ikabaki 90. Mwenye shamba anayeajiri kwa kuangalia miche iliyopandwa tu atamchukua yule wa kwanza, na ataendelea kununua miche kila mwaka bila kuona nazi.

Ndiyo maana kampuni za bima ya maisha hupima kudumu kwa mikataba, yaani sehemu ya mikataba iliyouzwa ambayo bado inalipiwa baada ya muda fulani. Kipimo kinachotazamwa kwanza ni cha mwezi wa 13, na namba hiyo, inayoonekana kama kosa la kuhesabu, ina sababu nzuri ajabu. Wateja wengine hulipa kila mwezi, wengine mara moja kwa mwaka. Aliyelipa mwaka mzima kwa mkupuo hawezi kuonekana ameacha katika mwezi wa tano au wa tisa, kwa kuwa fedha yake iko tayari ndani. Mwanzo wa mwezi wa 13 ndipo malipo yake ya pili yanapotakiwa, na ndipo kwa mara ya kwanza wateja wa aina zote mbili wanaweza kuwekwa kwenye mzani mmoja. Kwa mantiki hiyohiyo vipimo vinavyofuata huangukia mwezi wa 25, wa 37, wa 49 na wa 61.

Hapa ndipo ufasaha unapoweza hata kumgeuka mwenye nao. Mtu aliyekata bima kwa sababu aliona haya kumkatalia shemeji yake, au kwa sababu alizidiwa kwa maneno mpaka akasaini, hulipa miezi miwili mitatu na kisha huacha simu iite bila kuipokea. Wauzaji wengi wapya huanza na ndugu, majirani na waumini wenzao, na mauzo yao ya miezi mitatu ya mwanzo hupendeza sana. Mwajiri mzoefu huziona namba hizo za mwanzo na kusubiri kusikia kilichofuata.

Tazama sasa sentensi mbili za wasifu, zote za kubuni. Ya kwanza: “Nina uwezo mkubwa wa mawasiliano, ninajituma na ninaweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo.” Ya pili: “Mwaka 2022 niliuza mikataba 64 ya bima ya maisha kwa watumishi wa shule na zahanati za Temeke, 53 kati ya hiyo ilikuwa bado inalipiwa mwezi wa 13.” Sentensi ya pili haina sifa hata moja, lakini msomaji anapata ndani yake kiasi cha kazi, eneo, aina ya wateja na asilimia 83 ya mikataba iliyosimama. Sentensi ya namna hiyo inastahili kukaa juu kabisa ya wasifu, chini ya jina na anwani, mahali ambapo wengi huweka aya ya malengo ya maisha.

Asiyewahi kuuza bima hapaswi kudhani hana cha kuandika. Aliyekuwa mweka hazina wa kikoba kwa miaka miwili, akifuatilia hisa na marejesho ya wanachama 30 kila wiki, ana ushahidi wa jambo lilelile: watu walimpa fedha kidogo kidogo, kwa hiari, kwa muda mrefu, naye aliwakumbusha bila kuwaudhi. Kadhalika afisa mikopo wa SACCOS, mweka hazina wa chama cha kuweka akiba nchini Kenya, au aliyeuza sola kwa malipo ya awamu. Kinachotakiwa ni kuandika idadi ya watu, muda, na wangapi walifika mwisho, pamoja na mdhamini anayeweza kupigiwa simu akathibitisha. Mimi naona wasifu wa mweka hazina kama huyo una nguvu kuliko wa msemaji hodari aliyefanya mauzo ya bidhaa za papo kwa papo.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Mikataba inayolipiwa kwa makato ya mshahara hudumu kwa urahisi kuliko ile ambayo mteja hutuma ada mwenyewe kwa simu, kwa hiyo asilimia 90 ya muuzaji anayehudumia watumishi wa serikali huenda inaeleza utaratibu wa makato zaidi ya bidii yake, na asilimia 75 ya anayehudumia mama lishe na madereva wa bodaboda inaweza kuwa kazi kubwa zaidi. Kwa hiyo ni vema kutaja jinsi wateja walivyolipa. Katika bima ya magari, ambayo kwa kawaida mkataba wake ni wa mwaka mmoja, swali hubadilika na kuwa wateja wangapi walihuisha bima kupitia kwako. Pia zipo kampuni zinazoajiri kwa wingi kwa malipo ya kamisheni pekee bila kuchambua wasifu sana. Huko hoja hii huonekana baadaye, kamisheni inapokatwa kurudishwa kwa sababu mteja ameacha kulipa mapema.

Kuhusu vyeti, maneno machache yanatosha. Wakala wa bima Tanzania husajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini humo, na Kenya na IRA, mamlaka ya aina hiyohiyo, ambako pia hutakiwa cheti cha COP, yaani cheti cha umahiri katika bima, kutoka Chuo cha Bima. Mwenye usajili au cheti akitaje pamoja na mwaka. Majina ya wateja yasiingizwe kwenye wasifu kamwe. Wapo waombaji wanaoambatisha orodha ya wateja na namba zao za simu kama chambo, ilhali Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022 na Kenya tangu 2019, na mwajiri makini hujiuliza orodha yake mwenyewe itapelekwa wapi siku mtu huyo akihama.

Hesabu ya mwezi wa 13 hupatikana kwenye taarifa za kamisheni za kila mwezi, kwa kuwa mkataba ambao bado unalipiwa huendelea kuonekana humo na uliokatika hutoweka. Anayefikiria kuhama kampuni ahesabu idadi hizo kabla ya kukabidhi barua ya kuacha kazi, kwa sababu nywila ya mfumo ikishafungwa, namba hizo hubaki upande wa pili wa mlango.