Je, wajua? Meli za mvuke zilizuiaje cheche za dohani zisiunguze sitaha?

Ukipita Feri hapa Dar jioni, simama kidogo karibu na mchoma mishikaki. Jiko likitulia, mkaa unawaka kimyakimya. Akishika kipepeo na kupepea, cheche zinaruka mpaka wateja wanarudi nyuma. Mkaa ni uleule, kilichoongezeka ni upepo. Meli za mvuke zilizochoma kuni zilisumbuliwa na jambo hilohilo, ila juu ya jiko lao kulikuwa na sitaha ya mbao, maturubai na mara nyingi shehena inayoshika moto haraka.

Boila inataka moto mkali, na moto mkali unataka hewa. Njia mojawapo ilikuwa kuupitisha ndani ya dohani mvuke uliokwisha kusukuma injini. Ukichomoka kwenda juu unauvuta moshi, na hewa mpya inaingia tanurini kwa kasi. Nguvu inaongezeka kweli, lakini mvuto huo hauchagui: unabeba moshi, masizi na vipande vya kaa. Ndani ya dohani kaa hukosa hewa safi na kufifia. Likitoka nje likapigwa na upepo, linakuwa jekundu upya.

Kinachonivutia zaidi ni hiki: si kila cheche ni ya hatari. Chembe ndogo kama ya chumvi hupoa ingali hewani, kwa sababu joto lake ni kidogo na linatoka upesi. Kipande kikubwa kama punje ya mahindi hutua bado kina moto. Kwa hiyo mafundi hawakulazimika kunasa kila kitu. Walinasa vikubwa, vidogo wakaviacha vizimike njiani.

Urefu wa dohani ulisaidia hapo. Boti za mto Mississippi, Marekani, zilisimamisha dohani ndefu, mara nyingi mbili mbili, ili mvuto uwe mzuri na cheche ziwe mbali na sitaha. Wengine waliweka wavu wa waya mdomoni. Wavu una taabu yake: matundu yakiwa madogo mno masizi huyaziba, moshi unarudi chini, boila inapoa, na lazima mtu apande akasugue. Mimi naona ujanja bora ni wa mapanga yaliyopinda, kama ya feni, ndani ya dohani. Moshi unazungushwa, kaa kwa uzito wake linatupwa pembeni, linagonga ukuta na kudondoka kwenye chombo cha majivu, moshi unaendelea na safari.

Lakini hakuna kifaa kinachofidia upakiaji mbaya. Januari 1840 boti ya Lexington, ikitoka New York, iliungua baada ya moto kuanzia kwenye dohani na kushika marobota ya pamba yaliyopangwa jirani. Kati ya watu zaidi ya mia moja waliokuwemo, wanne tu waliokoka.

Hapa Dar enzi hiyo haiko mbali sana. Vipande vya meli ya Graf Goetzen, ambayo leo ni Liemba, vilishushwa bandarini kwetu kabla ya kupandishwa treni kwenda Kigoma, na iliendelea kutembea kwa mvuke hadi miaka ya 1970.

Kizuia cheche chenyewe bado kipo kazini. Magari yanayoingia penye mafuta mengi hufungwa kopo la chuma mwishoni mwa ekzosi, na ndani yake mna wavu au mapanga yaleyale.