"Hapo palishafukiwa" na dhana nyengine za wenye viwanja

Kila ninapomtandikia mtu ramani ya zamani ya mji wa Unguja kumwonyesha kiwanja chake kilipokuwa na maji, hujibiwa hivyo hivyo: "Hapo palishafukiwa, sasa ni pakavu." Hapajawa pakavu. Wanaoamini hivyo ndio ambao baadaye hunionyesha kuta zilizopanda unyevu na kupasuka.

Ramani za karne ya 19 ziko wazi. Mji Mkongwe umekaa kwenye rasi, na nyuma yake, kutokea upande wa Funguni kuelekea Mnazi Mmoja, linaingia hori, yaani mkono mwembamba wa bahari, liitwalo Pwani Ndogo. Watu walivuka kwenda Ng'ambo kwa daraja, pale Darajani. Hori likaja kufukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na leo barabara ya Benjamin Mkapa inapita mlemle. Lakini kifusi hakikupageuza kilima. Pangali chini kuliko pande zote mbili, na mvua ya Mji Mkongwe na ya Ng'ambo inateremkia hapo. Tena siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, bahari yetu hupanda na kushuka takriban mita 4. Maji yakijaa, mitaro haimwagi, na maji ya ardhini nayo hupanda ndani ya kifusi. Mvua ya masika ikikutana na hali hiyo, itakwenda wapi? Mitaro isafishwe, ndiyo, lakini msiniambie mafuriko yanaletwa na taka peke yake.

Kabla ya msingi, chimba shimo, ukalitazame siku ya bamvua bahari ikiwa imejaa, uone maji ya ardhini yanafika wapi. Fundi akisema hakuna haja, tafuta fundi mwengine.

"Ramani haina buluu hapa, kwa hivyo hapapiti maji." Soma kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa. Zikichongoka kuelekea penye mwinuko, hilo ni bonde, na maji yatalifuata hata kama kijito hakikuchorwa.

"Ramani itanionyesha mpaka wangu na jirani." Haiwezi. Kwenye ramani ya 1:50,000, milimita moja ni mita 50. Kiwanja cha mita 20 hakifiki hata nusu milimita. Ugomvi wa mpaka ni wa hati na bikoni, yale mawe ya alama za mpaka.

"Siku hizi kuna setilaiti." Setilaiti inakuonyesha mabati. Kinamasi kilicholala chini yake kilichorwa na wapimaji waliopita kabla ya nyumba. Nyaraka za Taifa ziko Kilimani. Nenda kaulize ramani kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa saruji.