Taiwan: mambo tunayoyachanganya kila siku

Manowari za China zikionekana karibu na Taiwan tu, vijiweni wataalamu wanazaliwa. Na wa kwanza kufungua mdomo lazima aseme "si kile kisiwa kilichojitenga na China?"

Hapana bwana. Japani ilikichukua kisiwa 1895 ikakaa nacho mpaka 1945, kikaja kukabidhiwa kwa serikali ya Jamhuri ya China ya Chiang Kai-shek, ambayo enzi hizo ndo ilikuwa serikali ya China yenyewe. 1949 wakachapwa na wakomunisti wa Mao, hao walioanzisha serikali ya sasa ya Beijing, wakavuka bahari na jeshi lao na katiba yao, na mpaka leo pasipoti ya Taiwan imeandikwa Jamhuri ya China. Kwa hiyo serikali ya Beijing haijawahi kukitawala kile kisiwa hata siku moja. Inadai ni chake, ndiyo, na inadai kwa nguvu zote, ila kudai na kutawala ni vitu viwili.

Halafu kuna wanaoamini demokrasia ya kule ililetwa na Mmarekani kama msaada wa unga. Wapi! Kisiwa kimekaa chini ya sheria za kijeshi toka 1949 mpaka 1987, miaka 38, watu wakifungwa na kuuawa, na huyo Mmarekani alikuwa rafiki mkubwa wa Chiang muda mwingi tu. Waliohangaika ni wenyewe. Rais wa kwanza kupigiwa kura moja kwa moja na wananchi ni Lee Teng-hui, 1996, tena China ikirusha makombora baharini kuwatisha wapiga kura, na wao wakaenda kupiga.

Mimi kinachonifurahisha zaidi ni wanavyohesabu. Saa kumi jioni vituo vinafungwa, kura zinahesabiwa hapohapo kituoni na raia yeyote ruksa kuangalia, karani anainua karatasi moja moja juu kila mtu aione, anaita kwa sauti, mwenzake anachora mstari kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, mistari mitano inatengeneza herufi moja ya Kichina. Usiku huohuo mshindi anajulikana. Januari 2024 Lai Ching-te alishinda urais kwa kama asilimia 40 hivi, ila bungeni chama chake DPP kikapata viti 51 na wapinzani wao KMT, chama kile cha Chiang, 52 kati ya 113, kwa hiyo ile stori ya "Wataiwan wote wana msimamo mmoja" nayo ni ya kijiweni.

Lingine: "UN ilishaamua Taiwan ni ya China." Hili linatuhusu, maana Tanzania ilikuwa mstari wa mbele 1971 kuipigania Beijing ipewe kiti cha China UN, balozi wetu Salim Ahmed Salim akiwa palepale ukumbini akishangilia, na furaha ile inasemwa ndo ilimponza 1981 Marekani ilipomzuia kwa veto asiwe Katibu Mkuu. Ila azimio lenyewe, namba 2758, lilisema nani akae kwenye kiti cha China, na wawakilishi wa Chiang watolewe. Neno Taiwan halimo. Beijing inalisoma kwa namna yake, Taipei, yaani serikali ya Taiwan, kwa namna yake.

Na Marekani? Haina ubalozi Taipei toka 1979, mkataba wa kulindana ulishavunjwa, kilichobaki ni sheria yao ya kuwauzia silaha za kujilinda. Kupeleka wanajeshi haijaahidi kwenye karatasi yoyote.

Afrika nchi ya UN iliyobaki na ubalozi wa Taiwan ni Eswatini tu. Usione hili la makaratasi dogo. Aprili 2016 Kenya iliwapakia kwenye ndege Wataiwan zaidi ya 40 wa ile kesi ya utapeli wa simu, wengine mahakama ilikuwa imeshawaachia huru, wakapelekwa China bara. Taipei ikapiga kelele sana, lakini ubalozi Nairobi hawana, na kwa Kenya kuna China moja tu. Ndege ikaondoka.