Pozolana kwenye saruji: kwa nini zege lako linachelewa

Fundi akiniambia saruji ya siku hizi imechakachuliwa, humwomba kwanza augeuze mfuko tusome. Mara nyingi tunakuta CEM IV/B (P) 32.5N. 32.5 ni daraja la nguvu. P ni pozolana, majivu na miamba ya volkano kama ile ya Mbeya. B maana yake viungo visivyo klinka, yaani yale mawe yaliyochomwa tanuruni yanayosagwa kuwa saruji, ni asilimia 36 hadi 55. Hakuna aliyemwibia, ni saruji ya aina nyingine.

Klinka ikipata maji hutoa gundi inayobeba zege, na pia hutoa chokaa ambayo haisaidii sana nguvu. Pozolana ikilowekwa peke yake haigandi. Madini yake ya silika yanangoja chokaa hiyo itoke, ndipo yanaungana nayo kutengeneza gundi nyingine. Kwa hiyo lazima ichelewe. Kiwango cha ubora wa saruji kinadai hii ifikishe megapaskali (kipimo cha nguvu ya kuhimili mgandamizo) 16 tu siku ya 7, na 32.5 siku ya 28. Baada ya hapo bado inapanda, ili mradi ina unyevu.

Kushika, yaani kuanza kuganda, ni jambo jingine na kukomaa, yaani kupata nguvu, ni jingine. Kushika hupimwa kwa sindano ya Vicat, nyembamba ya milimita 1.13, tunayoiachia izame kwenye uji mzito wa saruji. Ikikwama milimita 6 hivi kabla ya kufika chini, saruji imeanza kushika. Kwa daraja la 32.5 hilo lisitokee kabla ya dakika 75. Anayelinda muda huo ni jasi. Bila jasi, saruji ingekugandia kwenye karai.

Unga wa mawe ya chokaa una tabia tofauti. Chembe zake laini huharakisha kidogo mwanzo, lakini zenyewe karibu hazifanyi kazi, hivyo ukizidi nguvu inashuka.

Mimi slabu ya kuvuliwa mbao haraka naimwaga kwa saruji ya daraja la 42.5, lenye nguvu zaidi. Msingi ulio karibu na bahari, Tanga au Mombasa, nachagua pozolana, kwa sababu gundi ile ya pili huziba vitundu ambamo chumvi ingepita kuzifuata nondo. Ila nataka imwagiliwe maji wiki mbili, si siku tatu kama ilivyozoeleka. Na huko Njombe, kwenye baridi, mbao zikae zaidi.