Kumbi za Sanaa na Uhai wa Katikati ya Mji wa Mombasa: Yafahamu Haya Kabla ya Kuomba Kibali

Pita Barabara ya Nkrumah saa mbili usiku, siku ya kazi. Maduka yamefungwa, ofisi ni giza, na wachache unaokutana nao wanawahi feri ya Likoni au matatu ya Nyali. Mchana barabara hiyo hiyo hupati pa kupita.

Ndiyo sababu sisi tunaopokea maombi ya vibali vya maonyesho tunazipigania kumbi za sanaa. Mtu aliyekuja kutazama igizo au taarabu haishii mlangoni: hununua viazi karai na mshakiki, hukodi tuktuk, hukaa na wenzake akinywa kahawa. Zanzibar, tamasha la Sauti za Busara limekuwa likijaza Mji Mkongwe karibu kila Februari tangu 2004. Huko Cleveland, Marekani, kumbi tano zilifunguliwa mtaa mmoja mwaka 1921 na 1922. Mwisho wa miaka ya 1960 nne zilikuwa zimefungwa, na mwaka 1972 ilibaki kidogo baadhi zibomolewe ili kupata maegesho ya magari. Wakazi walikataa. Eneo hilo, Playhouse Square, lingali na maonyesho hadi leo.

Waombaji wengi hutuambia hawawezi kuanza mpaka wajengewe ukumbi mpya. Hili linatuchosha. Little Theatre Club iko Mnazi Mmoja, Tononoka pana ukumbi wa jamii, Swahilipot, kituo cha vijana cha sanaa na teknolojia, iko karibu na Fort Jesus, na bustani ya Mama Ngina ilikarabatiwa mwaka 2019. Tatizo letu ni usiku mwingi ambao kumbi hizi hazina mtu.

Sasa kelele, maana ndiyo inayoleta malalamiko mengi. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa 2:01 usiku hadi saa 12 asubuhi. Si saa nne, kama wengi wanavyoshikilia. Mtaa wenye makazi, biashara na burudani pamoja, kama sehemu kubwa ya kisiwa chetu, mwisho ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 55 mchana na 35 usiku. Thelathini na tano ni kama mnong'ono, kwa hiyo onyesho la wazi lenye vipaza sauti haliwezi kupita bila kibali. Kibali chenyewe hutolewa kwa muda usiozidi siku 7. Anayetaka mwezi mzima aombe upya kila mara. Anayevunja kanuni anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 350,000, kifungo kisichozidi miezi 18, au vyote viwili. Na kibali cha kelele hakigusi hakimiliki. Ukipiga nyimbo za watu mbele ya hadhira, leseni hiyo ni nyingine, chini ya sheria ya mwaka 2001.

Jirani anayelalamika si adui wa sanaa. Ana mtoto mchanga, au ana mgonjwa. Mwendee kabla hujatuletea fomu, na uelekeze spika baharini badala ya madirishani mwake.

Mji wa Kale una sharti lake. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na hupumua. Saruji huzuia unyevu kutoka, na ukuta huanza kumomonyoka kwa ndani. Kwa hiyo usigongee msumari wa taa wala kupiga lipu ya saruji kabla ya kuwaona maafisa wa uhifadhi, hata kama mwenye nyumba amekuruhusu. Fort Jesus, iliyojengwa 1593 hadi 1596, imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2011, na masharti yake ni makali zaidi.

Jambo la mwisho tunaloangalia katika mchoro wako ni mlango. Ukumbi unaowatoa watazamaji kwenye uwanja wa magari uliozungushiwa ukuta hausaidii barabara. Wenye mlango unaofunguka njiani, penye taa na muuza mahamri, huo tutauharakisha.