Maji Yalikuja Mwisho: Yanayosemwa Kuhusu Quabbin na Yaliyotokea

Hadithi ni tamu, ndiyo maana haifi. Katikati ya jimbo la Massachusetts, Marekani, lipo bwawa kubwa liitwalo Quabbin. Husemwa kwamba siku upepo ukitulia, mtu aliye ndani ya boti akichungulia chini huona ncha ya mnara wa kanisa, na kwamba chini ya mnara huo umelala mji mzima kama ulivyoachwa, nyumba kwa nyumba.

Hakuna mnara. Hakuna hata kibanda cha kuku. Kilichomo humo ni misingi ya mawe, kuta fupi zilizokuwa mipaka ya mashamba, na barabara zinazoingia majini zikapotea. Hadithi ya mji uliozama inawaonea huruma watu wa bonde la mto Swift, ambalo ndilo lililogeuzwa bwawa, lakini inawakosea pia, kwa sababu inaifanya misiba yao ionekane kama mafuriko ya usiku mmoja. Ilichukua miaka kumi na miwili tangu sheria ipitishwe hadi mto ulipoanza kuzuiwa, na kwa muda wote huo wenyeji walikuwa wakitazama.

Mnara wa kanisa ulikwenda wapi?

Miji ilikuwa minne: Dana, Enfield, Greenwich na Prescott. Tuiite miji kwa sababu kisheria ilikuwa hivyo, kila mmoja na halmashauri yake, lakini machoni petu ni vijiji: mashamba, viwanda vidogo vidogo, shule, kanisa, duka lenye posta ndani yake. Ukijumlisha waliohamishwa bondeni kote unapata watu takriban 2,500.

Maji yaliyokuwa yakitafutwa yalikuwa ya kunywa, kwa ajili ya Boston, jiji kuu la jimbo, na hapo ndipo hadithi ya mnara inapoanguka. Huwezi kuyahifadhi maji ya kunywa juu ya mbao zinazooza, vyoo vya shimo na mazizi. Kwa hiyo kila jengo liliuzwa, likahamishwa, likabomolewa au likachomwa moto. Miti ya eneo lote litakalofunikwa ilikatwa na matawi yakachomwa, hata bonde likakaa na moshi kwa muda mrefu. Nyumba za mbao za sehemu zile zinaweza kufunguliwa vipande na kujengwa upya kwingine, na baadhi zilisafirishwa hivyo hadi Dorset, katika jimbo jirani la Vermont. Kanisa moja la Prescott lilinunuliwa na tajiri wa viwanda, Joseph Skinner, akalisimamisha South Hadley, Massachusetts kwenyewe, na hadi leo lipo huko kama makumbusho. Anayetaka kuona mnara wa kanisa kutoka bondeni ana pa kwenda, tena hahitaji boti.

Ukataji wa miti uliacha jina moja ambalo wenyeji hawakulisahau. Wakati huo wa dhiki ya ajira, wanasiasa wa Boston waliwatafutia vijana wao kazi kwenye mradi, na wengi wa vijana hao walikuwa hawajawahi kushika shoka. Watu wa bondeni, ambao baadhi yao walikuwa wakihitaji kazi hiyohiyo, waliwaita "vigong'ota", yaani ndege wanaodonoadonoa mti.

"Serikali ilijenga bwawa, watu wakaondoka"

Mpangilio huu umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Uvumi ulitangulia kila kitu. Tayari mwaka 1895 wakuu wa afya wa jimbo, walipokuwa wakiitafutia Boston maji, walilitaja bonde la Swift kama akiba ya baadaye. Kwanza walichagua mto mwingine, wakajenga bwawa la Wachusett huko mashariki, na hilo nalo likahamisha watu wake. Lakini neno lilikuwa limeshatoka mdomoni. Hebu fikiria wewe ndiye mwenye kiwanda cha mbao Enfield: unajua kwamba siku moja, hujui lini, pale pako patatwaliwa. Utaongeza mashine? Utampa mwanao ushauri wa kubaki?

Ndiyo sababu sipendi kusikia ikisemwa kwamba bonde "lilikuwa linakufa lenyewe". Ni kweli idadi ya watu ilikuwa ikipungua tangu katikati ya karne ya 19, kama vijijini kwingi kaskazini mashariki mwa Marekani. Hata hivyo palikuwa na viwanda vya nguo na kofia, barafu iliyokatwa kwenye mabwawa ya Greenwich, na reli iliyosimama vituo vingi kiasi kwamba watu waliita treni yake "Sungura", kwa kurukaruka kwake. Mgonjwa aliyeambiwa kila siku kwamba kaburi lake limekwisha chimbwa hawezi kutumiwa kama ushahidi kwamba angekufa tu.

Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya mto Swift mwaka 1927, na dola milioni 65 zikatengwa. Mwaka uliofuata Prescott, uliokuwa mdogo kuliko wote, ulikwisha kuwa mikononi mwa tume ya maji. Sungura alipita mara ya mwisho mwaka 1935.

Kisha ikaja usiku wa tarehe 27 Aprili 1938. Kikosi cha zimamoto cha Enfield kiliandaa dansi ya kuagana katika ukumbi wa mji. Ukumbi ulijaa hadi watu wakabaki nje. Sheria ilikuwa imeweka saa: ikifika saa 6 na dakika 1 usiku, miji yote minne haitakuwapo tena. Bendi ilipiga, saa sita ikagonga, muziki ukanyamaza, na waandishi wa magazeti waliokuwapo waliandika kuhusu vilio vilivyosikika humo ndani. Walicheza ndani ya mji, wakatoka nje ya ukumbi mahali ambapo kisheria hapakuwa na mji. Na bado hapakuwa na maji. Mto Swift ulikuwa unapita palepale ulipopita siku zote.

Maji yalianza kuzuiwa Agosti 14, 1939. Mhandisi mkuu, Frank Winsor, ambaye ukuta mkuu unaitwa kwa jina lake, hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki Januari mwaka huohuo akiwa mahakamani anatoa ushahidi. Bonde halikujaa hadi 1946. Kwa miaka saba maji yalipanda polepole juu ya ardhi ambayo tayari ilikuwa tupu.

Roosevelt, umeme, na mambo mengine yanayochanganywa

Haya tuyapitie haraka. Watu wengi wanaposikia bwawa la Marekani la miaka ya 1930 humkumbuka Rais Roosevelt na miradi yake ya umeme. Huko Tennessee ni kweli: bwawa la Norris lilijengwa na shirika la serikali kuu, likahamisha karibu familia 3,000, na umeme ulikuwa sehemu kubwa ya lengo. Quabbin ni habari nyingine. Sheria yake ni ya jimbo, ilipitishwa miaka sita kabla Roosevelt hajaapishwa, na lengo lilikuwa maji ya bomba. Ndugu zetu waliohamia Boston na vitongoji vyake, wakibandika sufuria ya ugali, sehemu kubwa ya maji hayo imetoka huko, umbali wa kilomita 100 hivi.

Wala si kweli kwamba hakuna aliyepinga. Jimbo jirani la Connecticut lilishtaki, likidai mto wake mkubwa, uitwao pia Connecticut, unapunguziwa maji kwa faida ya bonde lingine. Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu mwaka 1931, na Massachusetts ikashinda. Angalia nani alipata kesi kubwa: jimbo dhidi ya jimbo. Mkulima aliyeona bei aliyopewa ni ndogo alikuwa na haki ya kwenda mahakamani pia, lakini kubishania bei tu. Kubaki hakukuwa jambo la kujadiliwa.

Nani hasa alihamishwa pamoja?

Neno "kuhamishwa" linadanganya. Tukilisikia tunafikiria mahali pawili: walipotoka na walipopelekwa. Tunafikiria viwanja vimepimwa, mtaa mpya, jirani yako wa zamani akiwa jirani yako tena.

Yapo mahali Marekani ambapo jambo la karibu na hilo lilitokea. Mji mdogo wa Butler, Tennessee, ulipofikiwa na bwawa la Watauga mwaka 1948, nyumba nyingi zilivutwa kwa magari hadi kwenye kilima na Butler mpya ikaanzishwa. Bondeni Swift hakuna kitu kama hicho. Tume ilinunua mali. Mwenye nyumba alilipwa thamani ya nyumba, akaambiwa aondoke, na kuanzia hapo alikokwenda ilikuwa shauri lake. Aliyekuwa mpangaji hakuwa na cha kuuza. Wengine walisogea miji ya jirani kama Ware, Belchertown na Athol, wengine wakaenda mbali. Hakuna bei iliyopangwa kwa ajili ya kukaa karibu na dada yako, au kwa duka ambalo mwenyewe alikukopesha unga kwa sababu alimjua baba yako.

Waliohamishwa pamoja walikuwa wafu. Kwenye hili dhana potofu husema makaburi yaliachwa yafunikwe. Kinyume chake, zaidi ya makaburi 7,500 yalifukuliwa, yakaorodheshwa jina kwa jina pale majina yalipojulikana, na mengi yakapelekwa kwenye eneo moja jipya huko Ware, Quabbin Park, pamoja na mawe yake na minara ya kumbukumbu ya vita. Familia zililazwa karibu karibu kama zilivyokuwa. Kazi hiyo ilifanywa kwa uangalifu, na sioni sababu ya kuibeza. Lakini kila nikiisoma habari hii huwa najikwaa palepale: jimbo lilijua namna ya kuihamisha jamii ikabaki jamii. Lilifanya hivyo kwa waliokufa.

"Miji minne iko chini ya maji"

Nayo ni nusu ya ukweli. Enfield na Greenwich kwa sehemu kubwa zimefunikwa. Maji ni mengi: lita trilioni 1.5 na zaidi likijaa, kina kikifika mita 46 penye kina kirefu kabisa. Lakini uwanja wa kati wa Dana haukufunikwa hata kidogo. Uko nchi kavu mpaka leo. Ukiingia kwa lango namba 40 unatembea kama kilomita tatu kwenye barabara ya zamani, halafu unatokea kwenye uwanja wenye majani, umezungukwa na mashimo ya mawe ambayo yalikuwa vyumba vya chini vya nyumba. Pana jiwe la kumbukumbu kwa wote waliotoa makazi yao na maisha waliyoyazoea. Sehemu kubwa ya Prescott nayo ni rasi iliyobaki juu, msitu mtupu, na umma hauruhusiwi kuingia ovyo. Kwa miongo kadhaa wanasayansi waliweka humo darubini ya redio, yaani chombo cha kunasa mawimbi ya redio kutoka angani, kwa kuwa hapakuwa na watu wala mitambo ya kuyaingilia mawimbi hayo.

Kwa nini basi watu waliondolewa mahali ambapo maji hayakufika? Kwa sababu bwawa la kunywa huhitaji pia vilima vinavyolimwagia. Ardhi iliyotwaliwa ni kubwa mara kadhaa kuliko bwawa lenyewe. Msitu huo ndio unaoyasafisha maji kiasi kwamba Boston mpaka leo huyatia dawa bila kuyapitisha kwenye mitambo ya kuchuja. Tai wenye kichwa cheupe, walioletwa tena kuanzia 1982, wanazaliana humo. Wapo wanaoliita pori la asili. Tembea Dana utazame kuta za mawe zikikatiza katikati ya miti, uone asili gani inayojenga kuta.

"Boston ingekufa kiu"

Hapa nakubali zaidi kuliko ninavyokataa. Jiji lilikuwa linakua na maji yalikuwa yanahitajika. Ila kuna jambo la baadaye ambalo wanaosema "hapakuwa na njia nyingine" hawalitaji. Kufikia miaka ya 1970 na 1980 matumizi yalikuwa yamepita kiwango salama cha lita bilioni 1.1 kwa siku, na likaja pendekezo la kuchota mto Connecticut wenyewe. Watu wa magharibi mwa jimbo, ambao hawakuwa wameisahau Enfield, walisimama kidete. Badala ya mto mwingine, mabomba yaliyokuwa yakivuja yalizibwa, vifaa vya majumbani vikabadilishwa, na matumizi yakashuka hadi karibu theluthi mbili ya yalivyokuwa kileleni.

"Wenyeji wa bonde"

Neno hili nimelitumia mwenyewe hapo juu, na lina utata wake. Watu wa Greenwich na Enfield walikuwa wajukuu wa walowezi. Kabla yao bonde lilikuwa la Wanipmuc, watu wa asili wa sehemu hizo, waliosambaratishwa katika vita vya 1675 na 1676. Miaka sitini hivi baadaye ardhi hiyo iligawiwa kama zawadi kwa askari wa vita hivyohivyo na warithi wao. Walowezi wa kwanza waliiita parokia yao kwa jina walilolikuta, jina la Kinipmuc linalotafsiriwa kama mahali penye maji mengi: Quabbin. Mwaka 1754 walilifuta wakaandika Greenwich. Tume ya maji ilipotafuta jina la kulipa bwawa jipya, ililirudisha lile la kwanza.